Kutembelea uchimbaji wa kiakiolojia kwenye makao ya familia ya wasagaji: kuna nini cha kuona?

SWALI: Mimi ni Mkenya ninayeishi Lowell, Massachusetts, pamoja na mume wangu na watoto wetu. Shule ya kifungua mimba wetu imealikwa kwenye siku ya wazi ya uchimbaji wa kiakiolojia, mahali palipokuwa na makao ya familia iliyomiliki kinu cha maji cha kusagia nafaka, nasi wazazi tumeombwa kuwasindikiza watoto. Nimeambiwa kwamba nyumba haipo tena na kinu kilibomolewa zamani. Je, kuna nini cha kuona? Kwa nini wachimbe nyumbani kwa watu waliokuwa na mali, ambao habari zao tayari zimo katika maandishi? Na je, mtoto ataruhusiwa kuchimba? Anauliza sana kwa sababu aliokota kigae chenye michoro ya bluu nyuma ya nyumba tunayopanga.

JIBU: Mama, naomba nianze na swali lako la pili, kwa kuwa likishaeleweka hilo, la kwanza halitakuwa gumu.

Ni kweli kwamba familia za wasagaji katika majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani ziliacha maandishi mengi kuliko jirani zao wakulima. Msagaji alikuwa mtu wa hesabu. Katika Massachusetts ya enzi za ukoloni sheria ilimruhusu abaki na sehemu moja ya kumi na sita ya nafaka aliyosaga kuwa ujira wake, na kwa sababu wateja wengi walilipa baadaye, kwa kazi au kwa bidhaa, daftari la madeni lilikuwa sehemu ya shughuli kama yalivyokuwa mawe yenyewe. Zaidi ya daftari kuna hati za ardhi, kesi za kugombea maji, na orodha za mirathi zilizoandikwa baba mwenye nyumba alipofariki. Lakini angalia maandishi hayo yanamtaja nani. Yanamtaja mwanamume mwenye kinu, wanaume wanaomdai na wanaume anaowadai. Mke aliyeendesha nyumba, mabinti, vijana waliokuja kujifunza kazi na mtumishi wa jikoni hutajwa kwa nadra, pengine kwa jina moja tu. Vivyo hivyo Waafrika waliotumikishwa, kwa maana utumwa ulikuwa halali Massachusetts tangu sheria za mwaka 1641 hadi hukumu za mahakama zilizoumaliza mwaka 1783, na baadhi yao waliandikwa katika orodha za mirathi baada ya ng'ombe na kabla ya vyombo. Watu hao wote walikula, walivunja sahani, walipoteza vifungo na walimwaga majivu katika ua uleule mmoja. Ardhi ya uani iliyapokea ya wote bila kubagua, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchimba hapo.

Sababu nyingine ni ya kiutendaji. Watu wengi hudhani kwamba mahali penye utajiri wa kiakiolojia ni kwenye kinu chenyewe, lakini mara nyingi sivyo. Kinu kilifagiliwa, kiliungua, kilijengwa upya na kikabadilishwa mitambo, na mafuriko ya masika yaliyochukua bwawa yalichukua na kilichokuwa chini ya gurudumu. Kinachobaki kwa kawaida ni kuta za mawe, shimo la gurudumu na mfereji ulioleta maji. Nyumba, kwa upande wake, ilikaliwa na vizazi viwili vitatu au zaidi vya ukoo mmoja, na kabla ya katikati ya karne ya 19 watu wa huko walikuwa wakitupa takataka hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Miaka mia ya kutupa mahali pamoja huacha kumbukumbu isiyopatikana penginepo.

Mfano mzuri wa jambo hili uko mjini kwako, ingawa unahusu viwanda vya nguo wala si nafaka. Katikati ya miaka ya 1980, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Boston wakiongozwa na Mary Beaudry na Stephen Mrozowski, kwa ushirikiano na idara ya hifadhi za taifa, walichimba nyua za nyumba za kiwanda cha Boott, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1835. Walichimba nyuma ya mabweni ya wafanyakazi, na pia kwenye nyumba pacha ya matofali iliyoko mtaa wa Kirk, ambamo waliishi na familia zao mameneja wa kampuni mbili, Boott na Massachusetts. Kwa hiyo walikuwa na ua wa wakubwa na ua wa wadogo wa shughuli ileile, katika mji uleule, na wangeweza kuvilinganisha. Kanuni za kampuni zilikataza pombe kwa wakazi wa mabweni, lakini uani palipatikana chupa za pombe. Palipatikana pia viko vya udongo vya kuvutia tumbaku, chupa za dawa za kujinunulia, vifungo, na mapambo ya bei nafuu ambayo wasichana wa viwandani walijipamba nayo. Chavua na mbegu zilizohifadhiwa ardhini zilionyesha kwamba kwa mameneja palikuwa na nyasi zilizotunzwa, ilhali nyuma ya mabweni palijaa magugu. Hakuna karani wa kampuni aliyewahi kukaa akaandika kwamba ua wa wafanyakazi ni wa magugu na kwamba wanakunywa kwa kificho.

Niruhusu hapa nichepuke kidogo, maana wewe unatoka pwani au bara ya nchi ambayo iliwahi kuvaa nguo za huko unakoishi. Kitambaa cheupe cha pamba ambacho mababu zetu walikiita merikani kilitoka katika viwanda vya Massachusetts, kikapakiwa na wafanyabiashara wa Salem na kushushwa Unguja, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said. Kutoka hapo kilisafiri na misafara hadi maziwa makuu, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861, vilipokatiza pamba, na nguo za Kiingereza na za Kihindi zikachukua nafasi yake. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Nalitaja hili pia kwa sababu ya kitaalamu: katika ua wowote utakaotembelea huko, usitarajie kuona nguo. Udongo wa Massachusetts una asidi na unyevu, na pamba huoza upesi. Kilichokuwa shati hubaki vifungo vya mfupa, pini za shaba nyeupe na kitu kidogo cha madini ya risasi kilichofungia robota. Ndivyo ilivyo pia kwa mbao, ngozi na karatasi, isipokuwa zikiwa ndani ya kisima au tope la bwawa ambamo hewa haiingii. Mtembezi asipolijua hili huondoka akidhani kwamba watu wa zamani walimiliki sahani na misumari tu.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza. Ukifika utaona, kwanza, shimo la mstatili lililozungukwa na mawe, mara nyingi limejaa majani na miti imeota ndani yake. Hicho ndicho chumba cha chini ya nyumba, walikohifadhi viazi, tufaha na mapipa. Tazama kandokando yake kama kuna kichaka cha maua ya lailaki au miti mizee ya tufaha katikati ya msitu, kwani hiyo haikujiotea. Ilipandwa mlangoni na mtu wa nyumba hiyo, nayo huwa dalili ya kwanza inayomwonyesha mtafiti kwamba hapa palikuwa na makao. Tazama pia kizingiti. Jiwe la kusagia likichakaa au kupasuka lilikuwa zito mno kutupwa mbali, kwa hiyo wasagaji wengi walilifanya ngazi ya kuingilia nyumbani au kifuniko cha kisima. Ukiliona, pitisha kiganja juu yake kama ukiruhusiwa. Mifereji iliyochongwa kutoka katikati kwenda ukingoni ndiyo iliyopooza nafaka na kusukuma unga nje, na msagaji alilazimika kuinua jiwe la juu mara kwa mara ili kuichonga upya kwa nyundo. Mawe ya kusagia mahindi yalikuwa aghalabu ya matale ya hapo hapo. Yale ya ngano, kwa waliojiweza, yaliagizwa kutoka Ufaransa kwa vipande na kuunganishwa kwa plasta na pete za chuma. Ukiona kipande chenye vitundu vidogo kama sifongo, uliza kama ni cha Kifaransa, kwa kuwa jibu litakueleza familia ilikuwa ikisaga kwa ajili ya majirani au kwa ajili ya soko la mbali.

Halafu utaona miraba. Wanaakiolojia hugawa eneo kwa kamba na vigingi, kwa kawaida mita moja kwa moja au mbili kwa mbili, na kila mraba huchimbwa polepole kwa mwiko wa mwashi, tabaka baada ya tabaka. Ningekushauri usimame kwenye mraba mmoja kwa muda mrefu badala ya kuzunguka yote. Tazama ukuta wa shimo, si sakafu yake. Juu kabisa kuna udongo mweusi wenye mizizi. Chini yake huenda kuna mstari mwembamba wa mkaa na chokaa, labda wa siku nyumba iliposhika moto au ilipobomolewa. Chini ya mstari huo kuna udongo wa kahawia uliochanganyika na vigae, mifupa na makombe ya chaza, ambao ndio ua wenyewe wa wakati nyumba ilipokuwa na watu. Na chini zaidi kuna mchanga wa manjano usio na kitu, ulioachwa na barafu maelfu ya miaka iliyopita. Doa la duara lenye rangi tofauti katika mchanga huo ni mahali ambapo nguzo ilisimama na kuoza. Mtafiti atakuwa na kijitabu cha rangi za udongo ambacho hukifananisha na kila tabaka kabla ya kuandika, ili mtu mwingine baada ya miaka hamsini aelewe alimaanisha kahawia ipi.

Udongo unaotolewa hupitishwa kwenye chekeche la waya lenye matundu ya milimita 6 hivi, na kinachobaki hutiwa katika mfuko ulioandikwa namba ya mraba na ya tabaka. Hilo la namba ndilo jambo ambalo natamani kila mtembezi alitazame. Kigae kisicho na namba yake ni takataka tu, hata kiwe kizuri namna gani, kwa kuwa thamani yake ya kisayansi iko katika mahali kilipolala na vilivyolala pamoja nacho. Kanuni ni hii: tabaka haliwezi kuwa la zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake. Ukikuta sahani za miaka ya 1780 pamoja na msumari mmoja wa waya, tabaka hilo lilitulia mwishoni mwa karne ya 19 au baadaye, hata kama sahani ni mia na msumari ni mmoja. Ndiyo maana misumari yenye kutu, ambayo watoto huipuuza, huwafurahisha wachimbaji. Iliyofuliwa na mhunzi mmojammoja ndiyo ya zamani zaidi. Iliyokatwa kwa mashine kutoka bamba la chuma ilianza miaka ya 1790 na kutawala karne karibu nzima. Ya mviringo, ya waya, kama tunayonunua leo dukani, ilienea kuanzia miaka ya 1880 na 1890. Viko vya udongo navyo vina kalenda yao: mwaka 1954 mwanaakiolojia J. C. Harrington alionyesha kwamba tundu la shina la kiko cha Kiingereza lilizidi kuwa jembamba kadiri karne za 17 na 18 zilivyosonga, kwa hiyo vipande vya shina vikipatikana vya kutosha hupimwa kwa ncha za keekee na kutoa makadirio ya wakati.

Kuhusu kigae cha mwanao, bila kukiona siwezi kukitaja umri, lakini nakupa njia ya kukisoma. Kilowesheni maji na kukitazama kwenye mwanga wa jua. Ikiwa michoro imepigwa chapa, yaani ina vinukta na mistari midogo ya kufanana iliyotoka kwenye bamba la kuchongwa, na rangi ya chini ni nyeupe, yaelekea ni chombo cha Staffordshire, Uingereza, cha karne ya 19, kilichouzwa Marekani kwa wingi ajabu. Ikiwa rangi ya chini ina umanjano wa krimu, inafanana na aina ambayo mfinyanzi wa Kiingereza Josiah Wedgwood aliikamilisha miaka ya 1760. Ikiwa rojo la kung'arisha limejikusanya kwenye kikunjo cha chini na kuonekana la samawati, ni aina iliyofuata, ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1770. Mwambie akiandikie siku na mahali hasa alipokipata, kwa hatua kutoka ukuta wa nyumba, akihifadhi katika mfuko pamoja na karatasi hiyo, na aende nacho siku ya ziara. Wachimbaji hupenda kuulizwa. Ila kwa kuwa nyumba mmeipanga, vilivyomo ardhini ni vya mwenye nyumba, kwa hiyo mwarifuni, na mtoto asiendelee kufukua. Isitoshe, udongo wa nyua za nyumba kuukuu mara nyingi una madini ya risasi yaliyotoka katika rangi za zamani. Anawe mikono vizuri kila anapotoka kucheza hapo.

Kama ataruhusiwa kuchimba siku hiyo, inategemea waandaaji. Katika siku za wazi nyingi watoto hawashiki mwiko kwenye mraba wenyewe, bali hupewa kazi ya chekeche au ya kuosha vigae kwa mswaki, jambo ambalo kwa mtoto ni bora zaidi kuliko anavyodhani, kwa kuwa ndiko kila kitu kinakojitokeza. Uchimbaji kwenye ardhi ya umma Massachusetts unahitaji kibali cha mwanaakiolojia wa jimbo, na kibali hicho huja na masharti; kwenye ardhi ya serikali kuu, sheria ya mwaka 1979 inafanya kuokota kitu chenye zaidi ya miaka 100 bila kibali kuwa kosa. Waelezeni watoto mapema, nyumbani, kwamba hakuna kinachotiwa mfukoni, hata msumari. Wasikanyage ukingo wa shimo pia. Ukuta ule niliokusihi uutazame ukimomonyoka, haurudi.

Maswali ya kuuliza ni mengi, nami nitataja yale ambayo mtembezi huyasahau. Uliza choo cha shimo kilikuwa wapi na kama kimechimbwa, kwa maana humo ndimo hupatikana mbegu za matunda waliyokula, mayai ya minyoo iliyowasumbua, na vyombo vilivyotumbukizwa ili visionekane tena. Uliza kama wanaelesha udongo, yaani wanautia majini ili mbegu zilizoungua zielee juu, na kama katika mbegu hizo kuna mahindi na shayiri nyeusi (rye), nafaka mbili ambazo zilichanganywa kwa mkate wa kila siku wa huko. Utakapoambiwa kwamba kinu kilisaga mahindi, hutahitaji mfasiri: kusubiri zamu ukiwa na debe lako, kupashana habari, kumshuku mwenye mashine kwamba amechota kidogo zaidi, hayo yalikuwako pale kama yalivyo kwenye mashine yoyote ya kusaga Kiambu au Kakamega. Uliza kuhusu wanyama pia. Mifupa huonyesha walichinja wenyewe au walinunua nyama, na nani katika nyumba alikula vipande gani.

Uliza, zaidi ya yote, nani alikuwapo kabla ya familia. Maporomoko yanayofaa kuzungusha gurudumu ndiyo yaliyofaa kuvua samaki, na kwenye mto Merrimack wenyeji wa asili wa Pawtucket na Pennacook walikusanyika kila masika kwenye maporomoko hayo kwa ajili ya samaki waliopanda kutoka baharini, kabla ya mabwawa kuwazibia njia. Katika tabaka la chini la ua wa msagaji si ajabu kukuta vichane vya mawe vilivyotokana na kuchonga zana. Mahindi yenyewe walowezi walifundishwa kuyalima na wenyeji hao. Kama maelezo ya siku hiyo yataanza na msagaji kana kwamba alikuta pori tupu, muulize kiongozi wenu kwa upole. Wengi wao wana jibu zuri ambalo hawakupewa nafasi ya kulitoa.

Mavazi yawe suruali ndefu za rangi nyepesi, zilizochomekwa ndani ya soksi, kwa sababu misitu ya Massachusetts ina kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme. Jioni wakagueni watoto nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Kuna pia mmea unaotambaa wenye majani matatu matatu, hupenda sana kuota juu ya kuta za mawe ya nyumba zilizoachwa, na mguso wake huwasha kwa wiki nzima. Leteni maji na kofia, na viatu vilivyofungwa.

Ziara yenyewe itachukua saa moja au mbili, lakini kazi inaendelea baada ya mashimo kufukiwa, kwa kuwa muda unaotumika maabara kuosha, kuhesabu na kuunganisha vigae ni mrefu kuliko wa kuchimba. Muulizeni kiongozi wa uchimbaji kama maabara yao hupokea wageni au wasaidizi wa kujitolea wakati wa baridi, na kama ripoti itawekwa katika maktaba ya mji. Ripoti hizo zina majedwali ambayo mtoto anayesoma vizuri anaweza kuyafuata: namba ya mraba, namba ya tabaka, kitu kilichopatikana, idadi. Akikumbuka mraba aliousimamia, ataupata humo. Mkitaka kujiandaa, nendeni kwanza mkaone mitambo ya kufumia ikizunguka katika jumba la makumbusho la Boott, kisha mtembee hadi mtaa wa Kirk muone nyumba ya mameneja kwa nje. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.